Msitu unaokamata mawingu: siku moja ya vakansi kule Kahuzi

Vakansi zikifika, wengi wetu tunabaki na simu mkononi mupaka masomo yarudi. Kumbe tuko na msitu wa mawingu karibu: kilomita kama 30 toka Bukavu, pale Tshivanga, mlango wa Parc National de Kahuzi-Biega. Kabla barabara haijawa ya wasiwasi, tulipanda kule watu watano, na ndizi na karanga ndani ya mfuko, bila haraka yoyote. Ninapenda kuwaelezea kile nilichojifunza siku ile.

Kwanza, sababu gani kule juu kuna ukungu wakati Bukavu jua linawaka? Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi. Kilele cha Kahuzi kiko kwenye mita 3,308. Upepo ukisukuma hewa yenye unyevu kupanda mlima, hewa ile inapoa, karibu digri 6 kwa kila mita 1,000. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto, basi mvuke unageuka matone madogo sana. Mama anayelima kule chini anaona wingu. Wewe unayetembea ndani yake unasema ni ukungu. Ni kitu kimoja.

Njiani papa muongozaji alisimama, akatuuliza: «Watoto, leo mvua imenyesha?» Tukajibu: «Hapana, papa.» «Basi nyamazeni musikilize.» Tukasikia: ta, ta, ta. Matone yalikuwa yanaanguka toka kwenye miti, na mvua hakuna! Aligusa kwa kidole yale majani madogo laini yanayovaa shina la mti kama blanketi. Maji yakatiririka.

Ndiyo kazi ya msitu wa mawingu. Matone ya wingu ni mepesi. Pasipo miti yangepita tu na upepo. Majani, matawi na yale «mablanketi» yanayakamata, yanayakusanya, kisha yanayaangusha polepole. Udongo unayameza kama sponji na kuyatoa kidogo kidogo, hata wakati wa kiangazi. Ndiyo maana kijito cha mlimani hakikauki haraka.

Tuliendelea polepole mupaka kwenye mianzi. Gorila wanapenda machipukizi yake majira yakifika. Siku ile hatukuona hata mmoja, na hakuna aliyenuna. Tulikaa, tukala ndizi zetu, tukafuata safari ya tone moja kwa mawazo: linashuka kijitoni, linaingia Ziwa Kivu, linatoka kwa mto Ruzizi, linazungusha mashine za Ruzizi I na Ruzizi II, na umeme ule unafika Bukavu. Kweli, Kivu inapata maji toka milima mingi, si Kahuzi peke yake. Lakini simu unayosomea maneno haya, labda wingu limeichaji kidogo.

Hapo ndipo shida iko. Umeme ukikatika, sisi tunapikia makala. Makala mengine yanatoka ndani ya parc. Mti unapoanguka, mlima unapoteza mkono mmoja wa kukamata wingu. Tunachoma kile kinachotuletea maji.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu anayebeba gunia. Batwa waliishi ndani ya msitu huu, na miaka ya 1970 waliondolewa kwa nguvu. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilisema wazi kwamba haki zao zilivunjwa. Kulinda msitu bila kuuliza mwenye kuujua, hiyo si elimu.

Parc hii iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia toka 1980, na toka 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sisi wenye diplome tunaweza kuanza na kitu kidogo: mbabula inayokula makala kidogo, pale nyumbani.

Na usalama ukirudi, muende. Muulize hali ya njia kwanza, mutembee na muongozaji, mubebe koti la mvua. Ukiwa na mafua, usisogelee gorila, utawaambukiza. Na musikimbilie kilele. Simameni kidogo, musikilize ile ta, ta, ta.