Mwamba Nao Wataka Kupumzishwa

Msomaji, siku ya maji mafu, upepo ukiwa mpole, panda ngalawa kutoka Galu uelekee kusini. Utapita Kinondo, utafika kisiwa cha Chale chenye kaya ya Wadigo, na mbele yake ni Gazi. Njiani tazama chini. Mahali pengine matumbawe yamechipua. Mahali pengine ni vifusi tu, vimefunikwa na mwani. Kwa nini?

Mwaka 1998, miezi ya Machi hadi Mei, maji ya bahari yetu yalipata joto kupita kiasi kwa sababu ya El Niño. Tumbawe si jiwe tupu. Ni nyumba ya viumbe vidogo, na ndani ya miili yao hukaa mimea midogo mno inayowapa chakula na rangi. Joto likizidi, mimea hiyo hutoka, tumbawe huwa jeupe kama chokaa, na hali hiyo ikidumu, hufa. Ndivyo sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilivyokufa mwaka ule. Mwaka 2016 joto lilirudi tena.

Wewe mkulima wajua kwamba mbegu haistawi katika magugu. Mwamba ni vivyo hivyo. Mbegu za tumbawe huletwa na maji, nazo hushika juu ya jiwe safi. Anayepalilia mwani ni samaki, hasa pono, akwanguaye jiwe kwa meno yake. Basi ukimvua pono angali mdogo, umemfukuza kibarua wako. Nalo juya likikokotwa huvunja machipukizi. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimeta 1 tu kwa mwaka. Unyayo mmoja waweza kuharibu kazi ya miaka mingi.

Adui mwingine ni matope yanayoletwa na mvua kubwa. Mikoko huyazuia. Pale Gazi, mikoko iliyokatwa zamani kwa kuni za viwanda ilianza kupandwa upya mwaka 1991, na tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni huilinda kwa mradi wa Mikoko Pamoja, nao hupata fedha za maendeleo ya vijiji vyao.

Joto la bahari huwezi kulizuia peke yako. Lakini haya yamo katika uwezo wako:

1. Usivue kwa juya wala kwa nyavu za macho madogo.

2. Usikanyage matumbawe, wala usiyatupie nanga.

3. Ukilima penye mteremko, weka matuta ya kukinga maji. Udongo wako ukifika baharini, umepata hasara wewe, na mvuvi pia.

Mwamba ukipumzishwa, huponya jeraha lake wenyewe.