Gofu Katika Nyanda za Jangwa: Mchezo Wenye Lango Wazi

Baba yangu alibeba mfuko wa fimbo za gofu kwa miaka sita, wala hakupata kuupiga mpira hata mara moja. Hiyo ilikuwa miaka ya 1970, katika klabu moja ambayo sina haja ya kuitaja. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya mwenye mpira, kuutafuta ukipotea majanini, na kunyamaza. Kwa hiyo nilipomwarifu, mwaka 2019, kwamba katika safari yangu ya Marekani nimekusudia kucheza gofu, alicheka, kisha akauliza: "Nani atakayekufungulia lango, mwanangu?"

Nilifunguliwa lango mjini Albuquerque, katika jimbo la New Mexico. Huko kuna kiwanja cha mashimo 18 kilicho mali ya chuo kikuu cha jimbo hilo, kilichofunguliwa katika miaka ya 1960. Kilichorwa na Robert Lawrence, mbunifu aliyejipatia sifa kwa viwanja vya nchi kame. Hapakuulizwa uanachama, wala jina la ukoo. Nililipa ada, nikakodi fimbo, nikaunganishwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, ambaye naye alikuwa peke yake.

Ndugu msomaji, usidhani jangwa hili ni bahari ya mchanga. Ni uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Iringa. Asubuhi baridi huuma, na adhuhuri jua huchoma. Upande wa mashariki milima ya Sandia imesimama kama ukuta, kilele chake kikifikia mita 3,255. Upande wa magharibi ardhi huteremka hadi bonde la mto Rio Grande, ambako mstari mwembamba wa miti ya kijani huonyesha njia ya maji. Katikati ya fahari hiyo, mchezaji hujiona mdogo hata kabla hajainua fimbo.

Kwa mgeni wa pwani, jambo la kwanza la kushangaza ni hewa. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na mpira haupati kizuizi kikubwa. Pigo ambalo Dar es Salaam lingefika mita 150, huko laweza kuongeza mita kumi hivi. Nilijisifu kwa pigo langu la kwanza, mpaka yule mzee aliponiambia kwa upole kwamba nishukuru mlima, nisiushukuru mkono wangu.

Jambo la pili ni nyasi. Mji huo hupata mvua ya milimita 230 hivi kwa mwaka, kama sehemu moja ya tano tu ya ile inyeshayo Dar es Salaam. Basi nyasi haziachwi zitambae popote. Zipo mahali pa kuanzia, katika njia ya kati, na penye shimo. Pembeni jangwa limeachwa kama lilivyo: changarawe, vichaka vya kijivu na miiba. Huko mijusi hutambaa, na ndege mwenye mkia mrefu, aliye nembo ya jimbo hilo, huwakimbiza kwa miguu badala ya kuruka.

Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya gofu peke yake. Hadi mwaka 2008 wakazi wa Albuquerque walitegemea visima kwa maji yao ya kunywa, na kina cha maji ardhini kilikuwa kikishuka. Ndipo walipoanza kutumia pia maji ya mto, yaletwayo kwa mahandaki yaliyopita chini ya milima. Aidha, walijifunza kubana matumizi. Katikati ya miaka ya 1990 kila mkazi alihesabiwa zaidi ya lita 900 kwa siku; miaka ishirini baadaye kiasi hicho kilikuwa kimepungua kwa karibu nusu. Hata hivyo, kiwanja cha gofu jangwani hakiwezi kukwepa swali la haki: kila tone linyweshalo nyasi ni tone ambalo halikwenda kwingine.

Katika shimo la saba mpira wangu uliingia kichakani. Nikaufuata mbio, kama alivyokuwa akifanya baba. Mzee akaniita kwa sauti: "Uache! Humo mna nyoka wenye njuga mkiani." Nikasimama. Kazi iliyomlisha baba yangu, huko ilikuwa hatari isiyostahili bei ya mpira mmoja.

Tulipopumzika, mzee alinizungumzia Nancy Lopez, aliyekulia Roswell, katika jimbo hilohilo. Baba yake alikuwa fundi magari. Binti alianza kucheza akiwa na umri wa miaka minane, na alipofika miaka 12 alishinda ubingwa wa wanawake wa ridhaa wa jimbo. Shule yake ya sekondari haikuwa na timu ya wasichana, basi alicheza na wavulana. Mwaka 1978 alishinda mashindano tisa ya wanawake wa kulipwa, matano kati yake mfululizo. Mtoto wa fundi asingefika huko kama kila lango lingefungwa.

Tulimaliza jua likizama. Milima iligeuka rangi ya waridi, na hapo nikakumbuka kwamba inaitwa Sandia, neno la Kihispania lenye maana ya tikiti maji. Nilikuwa nimepiga mikwaju 121, hesabu isiyofaa kutangazwa.

Niliporudi nyumbani nilimkabidhi baba mpira mmoja. Aliugeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu. Hakuuliza habari za mikwaju, wala za milima.

"Nani alikubebea mfuko?" akauliza.

"Niliubeba mwenyewe, baba."

Akatikisa kichwa polepole, akautia mpira mfukoni mwake.