Mshale Uliorudi Podoni

Wahenga walinena kwamba mshale kwenda msituni haukupotea. Methali hiyo nimeifundisha miaka nenda miaka rudi, nami sikuishuku hadi mwaka 2011, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu mjini Flagstaff, jimbo la Arizona, Marekani. Mji huo uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kama Eldoret yetu, ila Novemba ya huko huja na theluji.

Mzee aliyenipangisha chumba, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, alikuwa msasi wa upinde. Mnyama aliyemwandama ni wapiti, jamii ya ayala, ambaye dume wake hufikia kilo 300 na zaidi. Jina hilo limetoka kwa Washawnee, na maana yake ni "makalio meupe". Wapiti wa asili wa Arizona waliangamizwa zamani. Mwaka 1913 ndipo walipoletwa wengine zaidi ya 80 kutoka Yellowstone. Leo kibali cha kuwawinda hupatikana kwa kura.

Mzee alibahatika kupata kibali cha Novemba, ambacho ndicho kigumu. Septemba, wakati wa kupandana, madume hulia, na msasi hodari huwavuta kwa kuigiza sauti zao. Kufikia Novemba wamenyamaza. Wamechoka, wamekwisha kuwakimbia wawindaji wengi, na wamejificha mabondeni. Sharti watafutwe kwa darubini kutoka mbali, kisha wanyemelewe.

Nilimwona akijiandaa tangu kiangazi. Alfajiri alipanda mlima na mzigo mgongoni, kwani auaye ndiye abebaye nyama. Jioni alifanya mazoezi ya shabaha, mara amesimama, mara amepiga magoti, tena amevaa koti zito katika joto la Julai ili ajue kama uzi wa upinde ungenasa kwenye mkono wa koti. Majirani walimcheka. Alinifundisha kwamba asubuhi hewa baridi huteremka bondeni, na jua likipanda, hewa nayo hupanda na kubeba harufu ya mtu. Zaidi ya yote, alijiwekea mpaka wa mita 35. Nilipomweleza kwamba kwetu Ukambani wazee walipaka mishale sumu, alitikisa kichwa. Sheria ya kwao hairuhusu. Mshale wao huua kwa makali tu, ukipenya mapafuni. Ukikosea, mnyama huenda kufia mbali, nyama isimfae mtu.

Siku ya sita ya msako niliandamana naye. Dume alisimama mita 30 hivi mbele yetu, ametuelekezea kifua, na kifua kimekingwa na mifupa. Mzee alivuta upinde, akasubiri ageuke. Mikono ilianza kumtetemeka. Moyoni nilipiga kelele, "Piga!" Hakupiga. Upepo ukageuka, dume akatoweka misonobarini. Mzee akaurudisha mshale podoni. Kibali chake kiliisha bila nyama.

"Mzee," nilimuuliza njiani, "miezi yote hiyo imepotea?"

"Bila miezi hiyo," akajibu, "ningepiga."

Walimu wenzangu, siwahimizi mshike pinde. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Ninalo la kuungama. Kabla ya safari hiyo, nikiwa mhadhiri mchanga, mwanafunzi aliniuliza asili ya neno fulani. Sikuijua. Nilikuwa sijajiandaa, na darasa zima lilinikodolea macho. Basi nikabuni jibu, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Miaka ikapita. Niliporudi nyumbani nilimkuta kijana yule ni mwalimu wa sekondari, naye akaniambia kwa fahari kwamba jibu lile huwafundisha wanafunzi wake kila mwaka.

Nilimweleza ukweli papo hapo. Lakini wale aliokwisha kuwafundisha nitawapata wapi?

Ndiposa nawaambia wanafunzi wangu kwamba matayarisho hayampi mtu jibu la kila swali. Humwonyesha mpaka wake, na humpa ujasiri wa kusema "sijui" mbele ya macho yanayomngoja. Wahenga hawakukosea: mshale kwenda msituni haukupotea. Huenda umemchoma mtu.