Kuunga na Kuotesha: Istilahi za Tiba ya Mapengo ya Mifupa

Lugha yetu ina neno la siku nyingi kwa tiba ya mfupa uliovunjika, nalo ni kuunga. Mganga wa kienyeji huunga kwa gango, na daktari wa hospitali huunga kwa plasta au vyuma. Neno hili latosha maadamu ncha mbili za mfupa zaweza kukutanishwa. Lakini yako majeraha ya ajali na maradhi kama saratani ambayo huondoa kipande kizima cha mfupa. Pengo la namna hiyo likiwa kubwa halizibiki lenyewe, na kuunga peke yake hakutoshi. Katika makala haya tunakusudia kueleza tiba mojawapo ya hali hiyo, pamoja na istilahi tunazozipendekeza.

Njia iliyozoeleka ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, aghalabu katika nyonga, na kuupandikiza penye pengo. Kupandikiza, neno tulilolipata kwa mkulima ahamishaye miche, lafaa sana, kwani kitu kilicho hai huhamishwa kutoka mahali hadi mahali. Hata hivyo, mfupa wa kuchukuliwa una kiasi chake, na pale utolewapo huweza kubaki maumivu.

Ndipo ilipozuka fani ya uhandisi wa tishu, ambayo Robert Langer na Joseph Vacanti waliieleza katika jarida la Science mwaka 1993. Kwa upande wa mifupa, fani hii hutumia seli, kiunzi cha kuzibeba, na protini za kuchochea ukuaji. Kuhusu protini hizo, Marshall Urist alikwisha kuonyesha mwaka 1965 kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukitiwa ndani ya msuli wa mnyama, waweza kusababisha mfupa mpya kuota hapo. Mwaka 2001 Rodolfo Quarto na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 3 wenye mapengo ya sentimita 4 hadi 7. Seli zilitolewa katika uboho wa wagonjwa wenyewe, zikazalishwa maabarani, kisha zikatiwa katika kauri yenye vitundu iliyochongwa kwa umbo la pengo.

Kauri hiyo tuiiteje? Baadhi ya wafasiri huandika “jukwaa”, kwa kufuata neno la kigeni litokanalo na kazi ya waashi. Sisi hatuliungi mkono. Jukwaa la mwashi husimama nje ya ukuta, na kazi ikiisha huondolewa. Kitu hiki hukaa ndani, kama fito katika ukuta wa udongo, na seli hujenga juu yake na kati yake. “Kiunzi” ni bora zaidi, ila tayari twasema “kiunzi cha mifupa” kwa maana ya mifupa yote ya mwili. Kwa hiyo twapendekeza “kiunzi cha kuoteshea”, ili pasiwe na utata.

Kuhusu kitenzi, twashauri “kuotesha mfupa”, wala si “kuunga” au “kutengeneza”. Tofauti hii si ya mapambo. Mgonjwa atiaye sahihi fomu ya idhini akisoma kwamba mfupa wake “utatengenezwa”, huenda akadhani kwamba atatoka chumba cha upasuaji na mfupa uliokamilika. Akisoma “utaoteshwa”, ataelewa kama mkulima aelewavyo: kwamba kuna kungoja miezi, kwamba damu haina budi kufika kama maji yafikavyo shambani, na kwamba kilichopandwa huweza pia kisiote. Idhini aitoayo mtu asiyeelewa hayo si idhini.

Basi “uhandisi wa tishu” libaki jina la fani, na “kuotesha” liwe neno la kumwelezea mgonjwa. Wasomaji, hasa walio hospitalini na vyuoni, tunawaomba watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.