Gundi Inayolehemu: Uteuzi wa Viunganishi katika Uundaji wa Modeli za Plastiki

Nomino 'gundi' imebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Utomvu wa mgunga ni gundi. Kinachofunga bahasha ni gundi. Kinachoshika soli ya kiatu ni gundi. Na kile kichupa cha supagluu kinachouzwa dukani nacho ni gundi. Kwa matumizi ya kila siku ujumla huu haudhuru. Hata hivyo, kwa anayeunda modeli za plastiki, yaani vifano vidogo vya ndege, meli na magari, unaweza kumharibia kazi ya majuma mengi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba vitenzi vyetu humwelekeza fundi vyema kuliko nomino hiyo.

Tuanze na plastiki yenyewe. Vipande vya modeli za kampuni kama vile Airfix ya Uingereza na Tamiya ya Japani hutengenezwa hasa kwa polistirini, plastiki ile ile ya vikasha vigumu vya diski za muziki. Beseni na jerikeni ni za jamii nyingine. Tofauti hii ndiyo msingi wa mambo yote yatakayofuata, kwa sababu kiunganishi kikuu cha modeli hakibandiki kitu juu ya kingine. Huyeyusha.

Kiowevu hicho, ambacho aghalabu huwa na asetoni au butili asetati, kikigusa polistirini huilegeza minyororo mirefu ya molekuli zake. Pande mbili zikikutanishwa zikiwa katika hali hiyo, minyororo ya upande huu hupenya na kusukana na ya upande ule, mithili ya miyaa katika ukili. Kisha kiowevu huvukiza na kutoweka. Kinachobaki si plastiki, gundi, kisha plastiki, bali plastiki moja. Je, tendo hili ni kugandisha? La hasha! Ni kulehemu, kama afanyavyo fundi wa Jua Kali anapounga vyuma, ila hapa kemikali imechukua nafasi ya moto. Ndiyo maana kiowevu hicho hakiwezi kuziba ufa wa beseni: plastiki ya beseni haiyeyuki kwacho. Ndiyo maana pia rangi ikipakwa kabla ya kuunga ni sharti ikwanguliwe penye kiungo. Rangi hailehemiki, na kiungo kilicho juu yake hubanduka pamoja nayo.

Kiunganishi hiki hupatikana katika hali mbili. Kile kizito cha kwenye tyubu hupakwa kwanza, ndipo vipande vikutanishwe. Kikizidi hutambaa na kuacha alama za vidole zisizofutika. Chepesi, kinachokaribia umajimaji wa maji, ndicho ninachokipendelea. Vipande hushikanishwa vikiwa vikavu, kisha ncha ya brashi huguswa mahali pamoja tu pa mshono. Kiowevu hujivuta chenyewe kando ya mshono wote, kama mafuta ya taa yapandavyo utambi. Ukibana kidogo, utepe mwembamba wa plastiki iliyolainika hujitokeza na kuziba mwanya. Usiuguse siku hiyo! Uache hadi kesho ugande, ndipo uukwangue na kuupiga msasa.

Supagluu ina hulka tofauti kabisa. Mnamo 1942 watafiti wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, akiwemo Harry Coover, walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki. Walikumbana na kemikali hii na kuiacha kwa kuwa iling'ang'ania kila kitu. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1958. Hiyo kweli hugandisha: unyevu, hata ule mchache wa hewani, huichochea kubadilika kuwa ngumu. Inafaa kuungia chuma au utomvu wa viwandani kwenye polistirini, kazi ambayo kiyeyushi hakiwezi. Kasoro yake ni kwamba kiungo chake hustahimili kuvutwa lakini huvunjika upesi kikigongwa. Nayo asetoni, inayotumiwa kubandua vidole vilivyogandana, itaila modeli yenyewe. Palipo na mzigo mzito, epoksi ya sehemu mbili ni bora zaidi, mradi vipimo vichanganywe sawasawa.

Vioo vya modeli ni mtihani wa pekee. Mvuke wa supagluu hutua juu ya plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe. Modeli yangu ya kwanza, ndege aina ya Spitfire ya kipimo cha 1/72, isiyozidi sentimita 13 kwa urefu, ilipofuka hivyo usiku mmoja, nami sikuwa na wa kumlaumu. Kwa vioo, tumia gundi nyeupe ya mbao. Hukauka ikawa angavu, na ikimwagika hufutwa kwa kitambaa kibichi kabla haijakauka. Nguvu zake ni haba, lakini kioo hakibebi chochote.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kwa kirefu. Sote tumewaona watoto wa mitaani wakiwa na chupa za gundi ya viatu puani. Viyeyushi vya gundi hiyo ni ndugu wa hivi vya modeli: hupenya mafuta kwa wepesi, na ubongo una mafuta tele. Anayeunda modeli hakusudii kuvinusa, lakini katika chumba cha bweni kilichofungwa dirisha, pua haiulizi kusudi. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu ni ishara ya kutoka nje mara moja. Fungua dirisha, funika chupa kila baada ya kuchovya brashi, na usifanye kazi hiyo karibu na jiko au mshumaa, kwani mvuke huo hushika moto kwa urahisi.