Simbilisi wa mtoto akipata jipu lisilopona

KILA msimu wa baridi uingiapo huku kwetu Nyeri, kati ya Juni na Agosti, wagonjwa wangu wengi huwa ni watoto wenye kikohozi na mafua. Lakini kuna swali jingine ambalo aghalabu huulizwa mwishoni, mzazi akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango: "Daktari, hii dawa ya mtoto iliyobaki, yaweza kumsaidia simbilisi wetu?"

Simbilisi ni yule mnyama mdogo wa manyoya, asiye na mkia, ambaye watoto wa mjini humwita gini-pigi. Yeye si nguruwe wala hakutoka Guinea. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya kitoweo. Mashariki mwa Kongo, katika mikoa ya Kivu, humwita simbiliki na pia humla. Katika miji yetu ya Mlima Kenya, tangu Karatina hadi Nanyuki na Embu, yeye hulazwa ndani ya katoni jikoni au katika kibanda cha sungura, naye hupewa jina kama mwana wa nyumba hiyo.

Jibu la swali hilo ni hapana. Msomaji, ukiacha kusoma hapa na kuendelea na chai yako, basi walau shika hili moja: usimpe simbilisi Amoxil, ampisilini wala dawa yoyote ya jamii ya penisilini. Itamuua.

Sababu yake si fumbo. Tumbo la simbilisi ni kama pipa la kuchachusha nyasi, na kazi hiyo hufanywa na vijidudu vyema vinavyoishi humo. Penisilini huvifagia vijidudu hivyo, na mahali pake huchipuka vijidudu vingine vya sumu, hasa kile kiitwacho Klostridiamu. Mnyama hukataa kula, huharisha, na katika muda wa siku chache hufa. Mwenyewe hudhani ameuawa na jipu, kumbe ameuawa na dawa. Jambo hili lilijulikana tangu mwaka wa 1943, wakati watafiti wa Marekani walipoona simbilisi wao wakifa baada ya kudungwa penisilini. Waingereza wa Oxford walikuwa na bahati, kwani walipoijaribu dawa hiyo Mei 1940 walitumia panya. Lau wangalitumia simbilisi, pengine wangaliitupa chupa yenyewe na sisi madaktari tungekuwa na historia nyingine.

Onyo hili ni pamoja na ile sindano ya penisilini na streptomaisini ambayo wafugaji huinunua kwa ajili ya ng'ombe. Ni pamoja na krimu za vidonda pia, kwani simbilisi hujilamba, na kilichopakwa mguuni huishia tumboni.

UVIMBE WA SHINGO

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Usugu ambao wazazi hunieleza mara nyingi ni wa namna mbili: uvimbe chini ya taya au shingoni, na vidonda vya nyayo.

Uvimbe wa shingo huanza kwa kitu kidogo. Bua gumu la nyasi au kijiti humchoma simbilisi ndani ya mdomo, na vijidudu aina ya streptokoka hupitia hapo hadi kwenye tezi za shingo. Tezi huvimba na kujaa usaha. Usaha wa simbilisi ni mzito kama jibini, tena umefungwa ndani ya gamba. Ndiyo maana dawa pekee haimponyi: damu haifiki katikati ya gamba hilo, na pasipofika damu dawa nayo haifiki. Ukilikamua jipu nyumbani, utatoa usaha kidogo tu, gamba litabaki, na baada ya wiki mbili au tatu litajaa tena. Mara nyingine hupasukia ndani na vijidudu vikaingia kwenye damu. Kwa hiyo usikamue.

Wakati mwingine chanzo cha uvimbe wa taya ni mzizi wa jino. Meno ya simbilisi huota maisha yake yote, na asipotafuna nyasi za kutosha hurefuka na kumchoma. Jino kama hilo lisipotazamwa, jipu litapasuliwa mara tano na bado litarudi.

Vidonda vya nyayo vina chanzo kingine kabisa. Mnyama anayekaa juu ya sakafu ya waya, au juu ya matandiko yaliyolowa mkojo, huchubuka unyayo, na stafilokoka huingia. Mwanzoni ni wekundu tu. Ukichelewa, ukurutu mweusi hutokea, mguu huvimba, na ugonjwa hushuka hadi kwenye mfupa. Hapo tiba ni ya miezi.

Mimi ni daktari wa watu, na mipaka yangu naijua. Simbilisi mwenye jipu apelekwe kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Nakiri kwamba wengi wao katika miji yetu siku nzima wako mashambani na ng'ombe wa maziwa, na mnyama wa kilo moja huwafanya watabasamu. Usione haya. Daktari huyo anaweza kulipasua jipu, kuliosha, au kuling'oa zima na gamba lake. Ugonjwa ukirudi, mwombe apeleke usaha maabara ili vijidudu vioteshwe na dawa inayoviweza ijulikane. Zipo dawa ambazo simbilisi huzivumilia, kama vile enrofloksasini na zile za jamii ya Septrin, lakini kipimo hutegemea uzito wake kwa gramu, si kwa kukisia na kijiko. Kwa shida kubwa zaidi, kuna kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, safari ya kilomita 150 hivi kutoka Nyeri.

Ukipewa dawa ya wiki tatu, mpe wiki tatu. Hapa ndipo wengi huanguka, kama vile wagonjwa wangu wa miguu miwili: siku ya tano uvimbe umepungua, chupa hurudishwa kabatini, na vijidudu vilivyobaki ni vile sugu.

UUGUZI WA NYUMBANI

Mnunulie mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Simbilisi mzima huwa na uzito wa gramu 700 hadi 1,200. Mgonjwa apimwe kila siku, saa ile ile, na mtoto aandike kwenye daftari. Mnyama huyu huficha maradhi yake kwa kuwa porini anayeonyesha udhaifu huliwa, hivyo mizani hukuambia mapema kuliko macho. Akipungua gramu 50, kaa macho. Akipita saa 12 bila kula chochote, hiyo ni dharura, maana tumbo lake halistahimili kusimama.

Akikataa kula, loweka chakula cha sungura cha punje katika maji ya vuguvugu hadi kiwe uji, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Lipitishe kando ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, akimeza ndipo uongeze. Usimlaze chali, atapaliwa.

Jambo la vitamini C watu wengi hawalijui. Simbilisi ni kama binadamu: mwili wake hauwezi kuitengeneza. Wanasayansi Holst na Frølich wa Norway waliligundua hilo mwaka wa 1907, simbilisi wao waliolishwa nafaka tupu walipopata kiseyeye. Bila vitamini hiyo kidonda hakifungi hata ukimpa dawa gani. Chakula cha sungura kiuzwacho madukani hakiongezwi vitamini C kwa sababu sungura hujitengenezea yake, basi mwenye kumlisha simbilisi hicho pekee anamlea na njaa asiyoiona. Mnyama mzima huhitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mgonjwa huhitaji hadi 50. Robo ya pilipili hoho nyekundu kwa siku hutosha mzima. Mgonjwa aongezewe nusu ya tembe ya miligramu 50, ikisagwa na kuchanganywa na maji kidogo. Usiitie katika chupa yake ya maji ya kunywa, kwani nguvu zake huisha upesi.

Mboga nyingine tunazo tele. Jani moja au mawili ya sukuma wiki, na mucege ambao kila mtoto wa Kikuyu aliyefuga sungura ameuchuma kando ya njia. Chunga usichume penye dawa ya kunyunyiza kahawa au viazi. Majani ya parachichi na ya viazi ni sumu. Lakini nguzo ya chakula chake ni nyasi kavu, usiku na mchana. Zile laini za boma Rhodes ziuzwazo kwa robota huko Nanyuki zafaa sana, na robota moja humtosha miezi. Nepia iliyokomaa mwachie ng'ombe, mabua yake ndiyo hayo yachomayo mdomo.

Kidonda cha mguu kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kisha kikaushwe vizuri. Kufunga bendeji afundishwe na daktari wa mifugo, maana bendeji iliyokaza hukata damu.

Na kibanda je? Toa waya, weka ubao au katoni, juu yake matandiko makavu, na utoe yaliyolowa kila siku. Maranda ya msumeno tunayapata bure kwenye viwanda vya mbao, lakini unga laini wa mvinje huwasha mapafu. Afadhali nyasi kavu au vipande vya gazeti (hata hili, ukishamaliza kulisoma). Usimweke karibu na jiko la makaa kwa ajili ya joto. Moshi ni adui yake kama ulivyo adui wa mtoto mchanga. Wala usimweke pamoja na sungura, hata wakipendana, kwani sungura hubeba kijidudu kiitwacho Bordetela bila kuugua, na kijidudu hicho humpa simbilisi nimonia.

WATOTO NAO

Hapa sasa narudi uwanjani mwangu. Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka tisa mara tatu kwa mashilingi ya mkononi na shingoni. Krimu iliponya, na baada ya wiki nne yalirejea. Nilipouliza kuhusu wanyama, nikaambiwa kuna simbilisi aliyetoka manyoya kuzunguka macho na pua, na binti hulala naye kifuani. Mashilingi ni kuvu, na simbilisi huweza kuyabeba hata asipoonyesha alama. Katika nyumba ya namna hiyo wote wawili hutibiwa wakati mmoja, mtoto kwangu na mnyama kwa daktari wake. Kibanda husuguliwa kwa sabuni, kisha kwa Jik sehemu moja na maji sehemu kumi, na kukaushwa kabla mnyama hajarudishwa.

Usaha wa jipu ushikwe kwa glovu na mtu mzima. Mtoto mchanga, mjamzito, na mtu mwenye kinga hafifu wasifanye kazi hiyo.

Huenda mwisho wa yote mnyama asipone. Ikiwa mfupa umeoza, hali kwa siku kadhaa, anasaga meno kwa maumivu, daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano bila mateso. Mwambie mtoto ukweli kabla ya kwenda, si kwamba "ametoroka". Watoto niwaonao huvumilia kifo kuliko uongo. Na mkitaka kuleta mwingine, kibanda cha zamani kikae tupu juani baada ya kuoshwa, na mgeni atengwe wiki tatu kama mna simbilisi wengine, akilishwa wa mwisho ili mikono isibebe ugonjwa kutoka kwake.