Kompyuta Yako Imezeeka, au Imelemewa?

Jumamosi moja, baada ya saa za kazi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitujia akiwa amebeba kompyuta yake ndani ya kitambaa, kama mzazi abebaye mtoto mgonjwa. Alipokwisha kuketi alituambia: «Ndugu zangu, mashini hii imezeeka. Asubuhi naiwasha, naenda kuchota maji, narudi, nayo bado haijafunguka. Pointi za wanafunzi wangu zatakiwa Jumatano. Nimekwisha kata shauri: kwa fedha nilizoweka akiba kwa masomo ya binti yangu, nitanunua kompyuta nyingine.»

Tulimjibu: «Mwalimu, tuachie mashini yako mpaka jioni. Isipopona, utafanya upendavyo.»

Twajua ya kwamba mwalimu huyu hayuko peke yake. Kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji yetu, kama Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, zimekwisha tumika miaka kadhaa mahali pengine kabla ya kufika kwetu. Mwaka wa kwanza zaenda vizuri, mwaka wa pili zaanza kukokota miguu, mwaka wa tatu mwenyewe asema: «Imekufa.» Lakini mara nyingi haikufa, wala si uzee uliyoishika. Imelemewa tu. Na aliyelemewa hazikwi, hutuliwa mzigo.

Basi leo twataka kuwaonyesha wasomaji wetu, wazazi na wanafunzi, namna ya kutafuta mzigo ulipo na kuutua, kabla ya kutoa fedha.

MPISHI, MEZA NA GHALA

Ili kuelewa ugonjwa, yatupasa kwanza kuujua mwili. Fikirini jiko la nyumba kubwa. Ndani yake mna mpishi, mna meza ya kukatia mboga, na nyuma ya nyumba kuna ghala. Katika kompyuta, mpishi ni prosesa, ndiyo ifanyayo hesabu zote. Meza ni kumbukumbu ya kazi: juu yake huwekwa vitu vinavyotumika sasa hivi, na umeme ukikatika, vyote hutoweka. Ghala ni diski, nayo hutunza barua, picha na programu hata mashini ikiwa imezimwa.

Ikiwa meza ni ndogo na vyungu ni vingi, mpishi afanyeje? Hupeleka vingine ghalani, kisha huvirudia kila avihitajipo. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo: meza ikijaa, hutumia sehemu ya diski kama meza ya pili. Hila hiyo si ya jana. Ilitumika katika mashini kubwa iliyoitwa Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962. Ni hila njema, lakini ina gharama yake: ghala li mbali, na mpishi hodari akishinda njiani hapiki chochote. Ndiyo maana kompyuta yenye prosesa nzuri yaweza kwenda polepole kama kobe.

KWANZA TAFUTA UGONJWA

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Washa kompyuta yako, ungoje dakika tano au kumi itulie, kisha bonyeza pamoja vitufe vitatu: Ctrl, Maj na Échap. Katika kompyuta za Windows zisemazo Kifaransa, kama nyingi za kwetu, litafunguka dirisha liitwalo «Gestionnaire des tâches». Likionekana dogo, bonyeza «Plus de détails». Humo utaona safu tatu: «Processeur», «Mémoire» na «Disque», kila moja na hesabu yake kwa mia.

Ikiwa diski yakaa karibu na 100 kwa mia, hali wewe hufanyi kazi yoyote, shida iko ghalani. Ikiwa kumbukumbu yapita 90 kwa mia, meza imejaa. Ikiwa prosesa ndiyo ihangaikayo, tazama jina la programu iliyo juu ya orodha; ndiyo imlayo mpishi nguvu. Andika hesabu hizo katika daftari. Andika pia, kwa kutazama saa, ni dakika ngapi mashini yachukua tangu kuwashwa mpaka kuwa tayari. Asiyepima hawezi kujua kama dawa imefaa.

Katika mashini ya mwalimu tulihesabu dakika tisa. Kumbukumbu ilikuwa imejaa na diski haikupumzika hata kidogo.

DAWA ZISIZO NA GHARAMA

1. Ianzishe upya. Wengi huzima kompyuta jioni, wakidhani ya kwamba asubuhi huanza na meza safi. Lakini tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa huhifadhi sehemu ya hali yao, ili ziwake kwa haraka kesho yake. Takataka za jana zaweza kubaki. Chagua basi «Redémarrer» badala ya «Arrêter», hata mara moja tu kwa juma. Dawa hii ni ndogo, nayo huponya mengi.

2. Wazuie wanaoingia bila kualikwa. Programu nyingi hujiandikisha zenyewe ili zianze kila mashini iwashwapo. Katika dirisha lile lile la «Gestionnaire des tâches» tafuta «Démarrage». Chagua programu usiyoihitaji asubuhi, kisha bonyeza «Désactiver». Haifutwi, itafunguka siku utakapoiita. Lakini usiguse ile ilindayo mashini dhidi ya virusi, wala usiyoifahamu. Kwa mwalimu tulikuta programu kumi na nane zikisukumana mlangoni, tuliacha nne.

3. Fagia ghala. Diski iliyojaa mpaka mlangoni huizuia mashini kupumua. Yafaa sehemu moja ya tano ibaki tupu. Nakili kwanza maandishi na picha zako katika flashi au diski ya nje. Kisha ingia «Paramètres», halafu «Système», halafu «Stockage», na ufungue «Fichiers temporaires». Hapo jihadharini: katika orodha hiyo mara nyingi mna pia «Téléchargements», yaani vitu ulivyovishusha wewe mwenyewe kutoka intaneti. Ondoa alama mbele ya jina hilo, usije ukafuta cheti cha mtoto wako pamoja na takataka. Programu usizotumia uziondoe kwa njia ya «Applications». Kamwe usifute kwa mkono faili zilizo ndani ya folda iitwayo Windows.

4. Funga madirisha. Kila ukurasa wa intaneti uliofunguliwa huchukua nafasi mezani. Mwanafunzi afunguaye kurasa thelathini na kusoma moja asilaumu mashini.

5. Tafuta virusi. Flashi zetu hutembea toka mkono hadi mkono, na virusi husafiri nazo. Windows 10 na 11 zina mlinzi wao ndani. Fungua «Sécurité Windows» na uagize uchunguzi kamili, hata ukichukua saa nyingi. Walinzi wawili katika nyumba moja hugombana, mmoja atosha.

6. Ondoa vumbi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Katika majira ya kiangazi vumbi la njia zetu huingia ndani ya feni na kuziba matundu. Zima mashini, chomoa waya, toa betri ikiwa yatoka, kisha pangusa matundu kwa brashi laini na kikavu, ukiizuia feni isizunguke. Wala usiiweke kompyuta juu ya kitanda wala kitambaa, maana hapo haivuti hewa. Katika mashini ya mwalimu tulitoa vumbi lililoshikamana kama pamba.

DAWA YA FEDHA KIDOGO

Yawezekana umefanya hayo yote na bado mashini ni nzito. Hapo tazama tena daftari lako. Hesabu zile zitakuambia fedha yako iende wapi.

Ikiwa meza ndiyo ijaayo, ongeza kumbukumbu. Kompyuta yenye jigabaiti 4 hupata taabu na programu za siku hizi. 8 zatosha nyumba nyingi. Lakini uliza kwanza kwa fundi: kompyuta nyingine zina kumbukumbu iliyochomelewa, isiyobadilishwa, tena kumbukumbu ya aina ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4.

Ikiwa diski ndiyo isiyopumzika, uliza ni ya aina gani. Diski ya kwanza ya kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zilizozunguka, uzito wake ulikuwa karibu tani moja, nayo ilitunza herufi milioni 5 tu. Diski za kompyuta nyingi zilizotumika ni wajukuu wa ile: ndani yake sahani huzunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo huenda huku na huku kutafuta kila faili. Mkono huo waweza kufika mahali mia moja hivi kwa sekunde, si zaidi sana. Diski mpya, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka wala mkono. Hufikia mahali maelfu kwa sekunde moja. Hakuna badiliko lingine lifufualo kompyuta ya zamani kama hilo. Tena mara nyingi SSD huingia mahali pale pale pa diski ya kale, na bei yake ni ndogo kuliko ya kompyuta nyingine.

Ukisikia diski ya kale ikigonga-gonga, usingoje hata siku moja: nakili vitu vyako, maana yakaribia kufa.

YA KUEPUKA

Msiamini programu zinazojisifu katika intaneti kwamba zitaongeza mbio za kompyuta mara kumi. Nyingi huongeza mzigo, nyingine huleta virusi. Vilevile, zamani watu walipanga upya faili za diski kwa kazi iliyoitwa «défragmentation». Diski izungukayo yaweza kufaidika. SSD haifaidiki nayo, bali huchakaa bure.

Jambo jingine ni hili. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa kwa kawaida marekebisho ya ulinzi kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mwenye mashini ya namna hiyo asikate tamaa. Iko Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki. Iko ya namna nyingi, nayo hupatikana bure. Linux Mint na Xubuntu huenda vizuri katika mashini zisizo na nguvu nyingi. Mwombe fundi akuwekee, baada ya kunakili vitu vyako vyote.

JIONI ILE

Saa kumi na mbili mwalimu alirudi. Tuliiwasha kompyuta mbele yake, saa ikiwa mezani. Dakika tatu zilipotimia, orodha ya wanafunzi wake ilikuwa imefunguka. Alinyamaza kidogo, akauliza: «Ni bei gani?» Tulimwonyesha kifurushi cha vumbi. Pointi zake zilifika Jumatano, na binti yake alianza muhula pamoja na wenzake. Miezi miwili baadaye alinunua SSD, na sasa hangoji hata dakika moja.

Sisi watu wa Kongo tuna sababu moja zaidi ya kutotupa upesi. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za kompyuta hutoka kwa sehemu kubwa Lualaba na Haut-Katanga. Na koltani ya Kivu hutoa tantali, itumikayo katika vipande vidogo vishikavyo umeme ndani ya mashini. Kilichotoka katika ardhi yetu kwa jasho la watu wetu, tukakinunua tena kwa bei kubwa, kisitupwe jalalani kwa sababu ya vumbi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi jioni hii, kabla ya kwenda dukani, chukua daftari na saa, uwashe mashini yako, na uhesabu dakika.